Sekunde 30 na kioo cheusi: nani aseme chipu ipi inalishwa na nani?

Simu ya zamani iliyokuwa imelala kwenye mtoto wa meza, nyumbani kwangu Michenzani, niliitia keneli mpya ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha simu nzima, mahali pa ile ya kiwandani. Ikawaka. Maandishi yakateremka vizuri, kisha kioo kikawa cheusi ghafla. Nikazima, nikawasha: vilevile. Fundi wa Darajani niliyempelekea aliigeuzageuza akasema, "Sheikh, kioo kizima hiki. Kuna kitu kinakata umeme." Mara ya nne nikahesabu. Sekunde 30.

Wenye kuijua Linux wameshacheka. Keneli ikishamaliza kuwaka hungoja sekunde 30, halafu hupitia regyuleta, vile visehemu vinavyogawa umeme kwa vifaa, moja moja, na kuizima kila ambayo hakuna draiva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani, iliyosema inaihitaji. Kioo changu kiliwashwa na programu ya kuwashia, kabla keneli haijaingia. Keneli ilipokuja ikawa inachora tu. Hakuna aliyeiambia umeme wa kioo hicho unatoka wapi. Ikaona regyuleta haina mwenyewe, ikaizima. Haikukosea.

Utegemezi wa aina hii uandikwe wapi, basi? Wako wanaotaka uandikwe wazi, nje ya draiva, katika maelezo ambayo keneli huyasoma inapowaka. Kwa simu na bodi zenye chipu za ARM maelezo hayo ni mti wa vifaa, faili linaloorodhesha vifaa na nani anamlisha nani. Wengine wanaona hiyo ni kazi ya karani: draiva inakijua kifaa chake, na kama haikijui, programu dhibiti, ile ambayo mtengenezaji ameitia ndani ya mashine yenyewe, inakijua. Iachiwe.

Hawa wa pili wana hoja, na hoja yao kubwa unaikuta kila duka la laptopu za mtumba. ACPI, utaratibu wa kusimamia umeme wa kompyuta uliotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, huficha mambo ya umeme ndani ya majedwali ya programu dhibiti. Keneli ikisema "washa", jedwali linajua lianzie wapi. Ndiyo maana laptopu ya miaka kumi mara nyingi inakubali Linux bila mtu kuiandikia hata mstari mmoja wa maelezo. Tena maelezo makavu yana upungufu wake: yanasema nani anamtegemea nani, lakini nani atangulie na kwa milisekunde ngapi, hapo hubabaika. Chukua chipu moja yenye Wi-Fi na Bluetooth pamoja. Regyuleta ni zilezile, draiva ni mbili zisizojuana. Nani awashe? Linux ilipata mfumo wake wa kupanga zamu hizo mwaka 2024, katika toleo la 6.11. Hili nalikubali, na linaniudhi.

Ila wanaosema draiva iachiwe wanasahau tulikotoka. Kila bodi ya ARM ilikuwa na faili lake la msimbo wa lugha ya C ndani ya keneli, mambo ya umeme yamechanganywa na kila kitu kingine, mpaka mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akapandisha hasira hadharani. Utegemezi ulikuwapo siku zote. Ila ulikaa kichwani mwa mhandisi, na akihama kazi anahama nao.

Na sisi Unguja tumeshaonja. Tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa gizani. Kila mtu alijua feni yake inategemea soketi. Kwamba hata maji ya bomba yanangojea waya uliolala chini ya bahari kutoka Bara, wengi tulikuja kulitia akilini siku mifereji ilipokauka.

Kuwaka na kuzimika ni nusu tu ya habari. Chipu ikitaka kukimbia zaidi huhitaji volteji kubwa zaidi, na umeme inaoula kwa kazi hupanda kwa mraba wa volteji. Shusha volteji kwa asilimia 10, kasi ibaki ileile, ulaji unakuwa asilimia 81. Asilimia 19 imeokolewa, na hakuna kilichoongezwa isipokuwa kujua kwamba kasi hii inatosheka na volteji hii. Kwa betri iliyochoka hiyo ni Alasiri hadi Magharibi. Jozi hizo huandikwa katika jedwali, lakini jedwali la kifaa kimoja halitoshi, maana njia moja ya umeme hulisha vifaa viwili au vitatu. Draiva ya michoro inataka volteji ishuke. Jirani yake bado anakimbia. Draiva ile peke yake haimwoni jirani. Ikibahatisha, simu inaganda mara moja kwa wiki, na ukiifikisha kwa fundi inafanya kazi kama mpya. Viungo baina ya vifaa, vilivyoingia Linux 4.10 mwaka 2017, vilitiwa ili keneli ijue nani asilale kabla ya nani.

Programu dhibiti nayo huenda inayajua yote hayo, lakini imefungwa. Kosa likiwa ndani yake unamngojea mtengenezaji, naye simu ya miaka minane ameshaisahau. Anayebadilisha simu kila mwaka hataliona hilo. Sisi tunaokula mtumba tunaliona.

Simu yangu ilikuwa na dawa mbili. Ya haraka ni kuitia regyuleta alama kwamba isizimwe kamwe: kioo kinapona, na betri inatafunwa usiku kucha hata simu ikilala. Wengi huishia hapo, kisha wanayalaumu maelezo. Ya pili ni kuchimba katika maelezo ya keneli ya kiwandani mpaka uipate regyuleta yenyewe, halafu kuandika mstari mmoja: kioo hiki kinalishwa na hii. Ilinila jioni mbili, na moja nzima nilikuwa naifuata regyuleta ya kamera. Kioo sasa kinapita sekunde 30. Bluetooth bado haijawaka.