Chittagong si Yunus peke yake

Makala yenu imemtaja Muhammad Yunus, mwanzilishi wa Grameen, benki inayokopesha maskini, kama mtu wa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Hapana, ni mtoto wa Hathazari, wilaya ya Chittagong, kusini mashariki mwa nchi hiyo, na kazi yake ilianzia kijiji cha Jobra, jirani na chuo kikuu alikofundisha. Mwaka 1976 alitoa mfukoni dola kama 27 kwa watu 42, wakiwemo wanawake waliosuka viti vya mianzi na kunyonywa na wakopeshaji wa mtaani. Grameen ikawa benki kamili mwaka 1983. Utaratibu wake wa mwanzo: kikundi cha watu watano, hakuna dhamana, wawili wanakopa kwanza, wakirejesha vizuri kila wiki ndipo wengine wanapewa. Ulibana mno, mafuriko ya 1998 yalipowaacha wakopaji bila kitu, ikabidi masharti yalegezwe.

Mmewasahau pia watu wengine wa Chittagong waliopigania uhuru dhidi ya utawala wa Waingereza: Surya Sen, mwalimu wa shule, na mwanamke Pritilata Waddedar wa kundi lake. Aprili 18, 1930 kundi la Sen liliteka ghala la silaha la Waingereza mjini Chittagong na kukata nyaya za simu. Bunduki walizipata, risasi hawakuziona. Pritilata aliongoza shambulio la klabu ya Wazungu ya Pahartali mwaka 1932, akameza sumu ya sayanaidi asikamatwe. Sen alinyongwa Januari 1934.