Nyuzi Kumi na Mbili

Nilikwenda Kariakoo kununua gitaa langu la kwanza. Muuzaji akaniuliza, "Gitaa gani, bosi?" Nikamjibu kwa heshima zote: "La kupiga."

Akanitazama, akamtazama Mjomba niliyekuja naye, akaanza kuteremsha. Gitaa kavu, lisilo la umeme, la nyuzi za nailoni. Gitaa kavu la nyuzi za chuma. Gitaa kavu lenye tundu la kuchomeka waya, yaani kavu lakini si kavu sana. La umeme jekundu, la umeme jeusi. Besi la nyuzi nne, besi la nyuzi tano. Kulikuwa hata na la wanaotumia mkono wa kushoto, nikalishika kitambo nikijiuliza nani kaligeuza.

Mjomba alipiga ridhimu, yaani gitaa la kusindikiza, kwenye bendi moja miaka ya sabini, na hadi leo hajausamehe ulimwengu kwa kuwashangilia wapiga solo. Mtajie Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Atakubali kwamba yule alikuwa bingwa, halafu atakuuliza, "Na nyuma yake ridhimu alikuwa anapiga nani?" Hujui. Basi umekwisha, kaa chini usikilize.

"Mpe la ridhimu," akaamuru.

"Mzee, hakuna la ridhimu. Gitaa lile lile unapiga solo, unapiga ridhimu."

"Kijana, unanifundisha mimi?"

Mteja aliyefuata maikrofoni akaingilia: anayeanza achukue nailoni, haziumizi vidole, ila asije akalifunga nyuzi za chuma, zitaling'oa daraja, kile kibao zinapofungwa. Mwingine akasema nianze na besi, nyuzi chache, kazi chache. Kijana wa kwaya akapigania la umeme, mpaka nilipoambiwa kwamba bila amplifaya nitalisikia mimi na sisimizi tu.

Wao wakibishana, mimi nikaliona kwenye kona. Kubwa, rangi ya kahawa, nyuzi kumi na mbili, na bei imezidi kidogo tu ile ya nyuzi sita. Mimi ni mhasibu. Nikagawa bei kwa idadi ya nyuzi. Hakuna gitaa lililolikaribia dukani humo, na kwa hesabu hiyo hiyo besi lilikuwa wizi wa mchana. Nikalipa kabla Mjomba hajamaliza kumfokea muuzaji. Kwenye daladala konda alilitoza nauli, tuyaache hayo.

Kumbe nyuzi zile zinakaa mbili mbili. Jozi mbili nyembamba, nyuzi za kila jozi zinalia sauti moja. Jozi nne zilizobaki, kila uzi mnene una mwenzake mwembamba anayelia oktavu moja juu, yaani noti ile ile kwa sauti nyembamba zaidi. Na jozi zote sita zinatakiwa zielewane kwa wakati mmoja. Mimi sijawahi kuona ndoa sita zikielewana kwa wakati mmoja.

Tabu kuu ilikuwa jozi ya tatu. Uzi wake mdogo ndio mwembamba kuliko wote, na ndio unaotakiwa kupanda juu kuliko wote. Nikakaza. Programu ya simu ya kupima sauti ikasema bado. Nikakaza. Bado. Mjomba, kikombe cha chai mkononi, akainama, akatega sikio kifundi. "Kidogo tu, mpwa wangu."

Paa! Uzi ukamchapa shavuni, Mjomba akaruka, chai ikahamia kwenye kanzu. Mke wangu akachungulia kutoka jikoni: "Ndiyo wimbo wenyewe huo?"

Mjomba hakujibu. Akaomba plaizi. Uzi uliokatika akautupa, akaanza kuwaondoa na wenzake wembamba, mmoja mmoja, huku mimi nikigawa upya kimoyomoyo: bei kwa kumi na moja, bei kwa kumi, bei kwa tisa... Zilipobaki sita akazima simu yangu, akazipanga kwa sikio, akajifuta chai na kuanza kuchapa. Mke wangu akatoka na mwiko mkononi, anacheza.

"Si nilisema la ridhimu?"

Nikaomba na mimi nijaribu.

"Wewe," akasema bila kusimamisha mkono, "piga makofi."