Sócrates alimaliza udaktari kwanza, mbona mzee wa Mwaloni tunamuita muua kipaji?

Wiki iliyopita kijiwe cha kahawa Kirumba, hapa Mwanza, kilichafuka. Kuna mzee anauza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, kijana wake yuko kidato cha nne, namba nane mzuri sana, waliomuona uwanja wa Nyamagana wanajua. Kocha mmoja kaja kumuomba akakae kambini Dar, mzee kakataa, kasema dogo amalize shule, anataka kwenda PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na Mungu akijalia apande chuo cha Bugando hapahapa mjini akasomee udaktari. Basi watu wakamshukia mzee, anaua kipaji, ana roho mbaya. Af jamaa mmoja akasema mbona Sócrates alikuwa daktari na nahodha wa Brazil, mwacheni dogo aende, vyote vinawezekana.

Vinawezekana ndiyo, ila mi naona huo mfano unambeba mzee, haumbebi kocha.

Sócrates alikulia Ribeirão Preto, na timu yake ya kwanza Botafogo ilikuwa ya mji huohuo, sio ile ya Rio, na kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha São Paulo kilikuwa hapohapo mjini. Yani anatoka darasani anaenda uwanjani, jioni yuko kwao. Mazoezi mengi alikuwa anakosa kwa sababu ya masomo na klabu ilikubali iwe hivyo. Corinthians, klabu kubwa ya jiji la São Paulo, kaenda 1978, akiwa ameshamaliza chuo, ana miaka 24.

Hiyo 24 ndo naomba tukae nayo kidogo. Kwetu huku mtu ana 24 hajatoka tunasema kwisha, tunamshauri atafute bodaboda, na watoto wanaanza kupunguza umri wakiwa na 18 kwa sababu wanaogopa kuambiwa wamezeeka. Huyu mwenzetu timu ya taifa kaitwa 1979, ana 25. Kombe la Dunia lake la kwanza ni Hispania 1982, ana 28, na kitambaa cha unahodha mkononi, akawafunga Wasovieti, akawafunga Waitaliano. Mechi 60 za Brazil, mabao 22, zote baada ya shule! Sasa mtoto wa miaka 16 akimaliza kidato cha sita atakuwa na 18 au 19, tunapiga kelele kwamba kachelewa nini hasa?

Kocha naye simdharau, ana hoja. Mpira wa siku hizi sio wa 1978, kuna kambi, kuna mazoezi asubuhi na jioni, kuna basi la kwenda Dar zaidi ya kilomita 1,100 mechi ikiisha mnarudi, na udaktari ni miaka mitano na mmoja wa intani juu yake. Mshika mbili moja humponyoka. Na madaktari waliomaliza wanaosubiri ajira tunao mtaani, tunawaona. Hata Sócrates mwenyewe udaktari haukumzuia sigara na pombe, kafa Desemba 2011 ana miaka 57 tu, inauma. Ila kusema ni mambo ya zamani hapana, Nadia Nadim, mshambuliaji wa timu ya wanawake ya Denmark, kabeba ubingwa wa Ufaransa na PSG 2021, mwaka uliofuata kamaliza udaktari.

Nilimfuata mzee kesho yake. Alikuwa anatandaza dagaa kwenye nyavu, anaongea huku mikono inaenda, haangalii juu. Nikamuuliza kwa nini hataki. Akasimama, akapandisha suruali mpaka juu ya goti la kulia, limevimba upande, halinyooki vizuri. "Hili niliumia nacheza, ng'wanawane (mwanangu). Timu ilinileta nyumbani kwa mkokoteni, ikawa basi." Akainama tena kwenye dagaa wake. Huyu ndo tunasema hajui mpira.

Nikampata na kocha, kijana mwelewa tu, nikamuuliza huko kambini dogo atasoma shule gani. Akasema ataangaliwa mbele ya safari. Ada analipa nani, hilo halijazungumzwa. Akiumia? Timu itasaidia. Hakuna karatasi hata moja. Na hapo ndo Ribeirão Preto na Kirumba zinapoachana, maana kipaji dogo anacho, kichwa anacho, chuo kiko Bugando na uwanja uko Kirumba, kutoka kimoja kwenda kingine ni safari ya mjini tu. Kilichokosekana ni timu ya kukubali kijana akose mazoezi ya Jumanne kwa sababu ana mtihani.

Mzee hajafunga mlango jamani. Jumamosi dogo anatoka tuisheni anaenda uwanjani, na viatu kanunua baba yake. Kocha akirudi na karatasi imeandikwa shule gani, ada nani, na goti likiumia nani anatibu, mi nadhani mzee atasaini palepale kwenye dagaa.