Mcheza kwao hutunzwa? Muulizeni Scott Frost

Jumapili ya Septemba 11, 2022, Chuo Kikuu cha Nebraska kilimfukuza kazi Scott Frost, kocha wake mkuu wa futiboli ya Kimarekani. Mkataba ulisema wazi kwamba ikifika Oktoba 1, fidia yake itashuka kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7 na nusu. Zilibaki siku 20. Hawakungoja. Walikubali kulipa mara mbili ili mtu huyo asikae ofisini hata mechi moja zaidi.

Na mtu mwenyewe hakuwa mgeni aliyeokotwa barabarani. Alikuwa mtoto wao.

Mimi naishi Omaha, na nilipofika hapa futiboli yao sikuielewa kabisa. Wanaume wamevaa makofia, wanagongana sekunde 5, wanapumzika nusu dakika. Jirani yangu, mzee mmoja Mmarekani, ndiye aliyenifundisha kwa subira, tukiwa kwenye gereji yake, redio imewashwa. Hapo ukutani palikuwa na shati jekundu nambari 7, limetundikwa kwenye hanga kama kanzu ya Idi. Lilikuwa shati la Scott Frost. Nebraska haina timu ya kulipwa ya mchezo huu, kwa hiyo timu ya chuo ndiyo timu ya jimbo zima. Uwanja wa Lincoln, mji kilipo chuo hicho, unameza watu wapatao 90,000, na tangu 1962 hakuna mechi ambayo tiketi zake hazikuisha. Huku wanasema siku ya mechi uwanja ule unageuka mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo, baada ya Omaha na Lincoln yenyewe. Sijawahi kusikia mtu akibisha.

Frost alikulia Wood River, kijimji cha mashambani humo humo Nebraska. Baba yake, Larry, aliichezea Nebraska. Mama yake, Carol, alirusha kisahani kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, na wote wawili walimfundisha mpira mtoto wao shuleni. Kwa malezi hayo ungetegemea kijana aende Lincoln moja kwa moja. Hakwenda. Alikwenda Stanford, California, na watu wa kwao wakanuna. Aliporudi kuja kuichezea Nebraska walimpokea, lakini kinyongo hakikuisha.

Alikuwa kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira mwanzo wa kila mchezo na kuamua kama ataurusha, atamkabidhi mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Septemba 1997 timu ilikuwa inasuasua nyumbani mbele ya wageni wasio na jina, na mashabiki wakamzomea Frost, mwenyeji, kwenye uwanja wake mwenyewe. Nebraska ilishinda 38-24 hatimaye. Wageni hao walikuwa Chuo Kikuu cha Central Florida, UCF. Likumbuke jina hilo.

Miezi miwili baadaye, Novemba 8, wakawa ugenini Missouri. Nebraska iko nyuma 38-31, zimebaki sekunde 7, mpira uko yadi 12 kutoka mstari wa goli. Frost anarusha. Mpira unamfikia Shevin Wiggins, beki anamng'ang'ania, unamponyoka. Wiggins huku anaanguka chali anaupiga teke, unapaa, na kijana mwingine, Matt Davison, anajitupa na kuudaka juu kidogo ya nyasi, kabla haujatua. Nimeiangalia video ile labda mara 50 na bado kila mara nahisi utadondoka. Wakasawazisha, kisha dakika za nyongeza Frost akaingia na mpira kwa miguu yake mwenyewe: 45-38.

Msimu huo Nebraska haikufungwa hata mechi moja. Mechi yao ya mwisho ilikuwa Miami, Januari 2, 1998, wakaichapa Tennessee ya Peyton Manning 42-17. Baada ya mechi Frost akashika kipaza sauti na kuwaomba makocha wa nchi nzima waipigie kura timu yake, kwa heshima ya kocha wao, mzee Tom Osborne, aliyekuwa anastaafu baada ya miaka 25. Ndiyo, kura. Enzi hizo bingwa wa vyuo alipatikana kwa kura, jambo ambalo kwa sisi tuliozoea msimamo wa ligi na tofauti ya magoli ni kichekesho kitupu. Makocha waliichagua Nebraska, waandishi wa habari wakaichagua Michigan, na mwaka ule Marekani ikawa na mabingwa wawili. Mzomewa akawa shujaa.

Miaka yake ya kucheza mpira wa kulipwa naipita haraka, maana haikumpa jina. Kilichompa jina tena ni ukocha. UCF, wale wale, mwaka 2015 walicheza mechi 12 wakafungwa zote 12. Wakamwita Frost. Msimu wa kwanza walishinda 6. Msimu wa pili, 2017, walishinda zote 13, ya mwisho 34-27 dhidi ya Auburn, timu ambayo Novemba ile ilikuwa imezifunga Alabama na Georgia, hao hao waliokuja kugombea ubingwa. Kamati iliyoteua timu za kuugombea haikuwachagua UCF. Wakajitangaza mabingwa wenyewe na kuandamana Disney World. Nawaunga mkono. Katika kikosi kile alikuwemo Shaquem Griffin, mlinzi asiye na kiganja cha kushoto, na ndiye aliyetajwa mlinzi bora wa mechi ile ya Auburn. Kocha anayemwamini kijana wa namna hiyo, nami namwamini.

Hapo Nebraska walikuwa wameshamchukua: miaka 7, dola milioni 35. Mzee jirani alilishusha shati ukutani akalivaa Desemba nzima.

Sasa nifike kwenye ninaloliamini, na najua wapo watakaonirukia. Husemwa kwamba Frost alishindwa kwa sababu ligi ya Big Ten, anayocheza Nebraska, ni ngumu kuliko ile aliyoitoka. Ni kweli kwa kiasi. Ila takwimu zinasema jingine. Nebraska yake haikuwa inapigwa vibaya. Mwaka 2021 walifungwa mechi 9, na hakuna hata moja waliyopitwa kwa zaidi ya pointi 9. Katika mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu, miaka yake yote pale, alishinda 5 akapoteza 22. Hiyo si timu isiyo na nguvu. Ni timu inayokosea mambo madogo: mpira wa kupiga kwa mguu, adhabu za kijinga, uamuzi wa dakika za mwisho. Mambo ambayo msaidizi jasiri humwambia bosi wake Jumatatu asubuhi, na bosi akayarekebisha.

Lakini nani angemwambia Frost? Novemba 2019, akiwa amefungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, walimwongezea miaka 2. Kocha wa kutoka nje angeulizwa maswali wiki ile ile. Mtoto wa nyumbani aliongezewa mkataba. Maswali yalipoanza kweli, baada ya 2021, yalikuja kwa kupunguziwa mshahara, na kwa kile kipengele cha Oktoba 1. Mkurugenzi wa michezo aliyempunguzia, Trev Alberts, naye ni mchezaji wa zamani wa Nebraska. Kikao cha familia kilikuwa kimechelewa miaka 2.

Agosti 27, 2022 wakaenda kucheza Dublin, Ireland, dhidi ya Northwestern. Siku ile intaneti ya uwanja ilikatika, malipo ya kadi yakagoma, bia zikagawiwa bure. Nebraska ikawa inaongoza 28-17 kipindi cha tatu. Mwenye akili timamu anapiga mpira mbali na kuwaachia wapinzani uwanja mzima wa kuhangaika nao. Frost akaamuru mkwaju mfupi wa kuvizia, ule unaopigwa hatua chache ili wapigaji wauwahi wenyewe. Northwestern wakauwahi wao, wakafunga, wakashinda 31-28. Gereji ilikuwa kimya. Mzee alizima redio kabla mtangazaji hajamaliza sentensi.

Kwangu mimi mkwaju ule ni mtoto wa teke la Missouri. Mtu aliyewahi kuokolewa na mguu wa mwenzake anayeanguka chali ataendelea kuamini kwamba mpira utaruka upande wake. Wiki mbili baadaye Georgia Southern walikuja Lincoln wakashinda 45-42, na kesho yake asubuhi kazi ikaisha: ushindi 16, vipigo 31.

Desemba 2024 UCF walimrudisha. Wengi waliona ni hadithi tamu, mimi roho iliniuma kidogo. Mara ya kwanza alifika Orlando, mji wa UCF, hana deni kwa mtu na hakuna aliyemdai kitu, wala hakukuwa na picha yake ukutani. Safari hii picha ipo, na 2017 imo ndani yake.

Nilimpa jirani habari hizo akiwa anakata nyasi mbele ya nyumba. Akazima mashine, akafikiri.

"Mkataba wao unasemaje kuhusu Oktoba?" akauliza.

Akaiwasha tena, akaendelea na kazi yake. Alikuwa amevaa shati jekundu lililopauka, limejaa madoa ya mafuta, na nambari 7 mgongoni ilikuwa imeanza kubanduka.