Sikumlisha shemeji tetemeko la ardhi

Haya wakuu, kwa kuwa kaka mmoja (anajijua) keshamwaga kila kitu kwenye grupu la Watanzania wa huku, tena katia chumvi, acha nami niseme yangu. Sikumlisha mke wake tetemeko. Nilimlisha udongo. Tofauti ipo.

Mnaonifuata mnajua nasoma jiolojia hapa Ujerumani, na riziki yangu ni udongo wa Nankai, kusini mwa Japani. Pale bamba la Bahari ya Ufilipino (bamba ni kipande kikubwa cha gamba la dunia) linajipenyeza chini ya Japani sentimita 4 hadi 6 kwa mwaka. Linakwama, halafu siku likiachia ndiyo matetemeko kama yale ya 1944 na 1946. Meli ya Chikyu imetoboa sakafu ya bahari huko, chini ya maji ya zaidi ya mita 3,500, ikapandisha udongo wa enzi ya Miosini, mamilioni ya miaka iliyopita, ulioshindiliwa mpaka ukawa nusu jiwe. Mimi natafuta humo smektaiti, madini ya udongo yanayotokana na majivu ya volkano. Yanakunywa maji yakaumuka kama andazi. Bamba likizama nayo na joto likipita nyuzi 60 hivi, yanaanza kugeuka ilaiti, madini mengine ya udongo yasiyoumuka, na kuyatapika yale maji, na maji yakikosa pa kutokea, mwamba unalegea. Darasa limeisha.

Sasa shemeji ni mjamzito, miezi mitano, na hamu yote imeangukia kwenye udongo. Ule wetu wa kutafuna, siyo wa Nankai. Ijumaa akaniagiza nimpitishie dukani kwa Waafrika, karibu na stesheni. Ijumaa hiyohiyo sampuli yangu ikafika kwa posta kutoka Japani. Begi moja, mifuko miwili ya nailoni, vibonge vya kijivu huku, vibonge vya kijivu huku. Mmoja una kibandiko cha bei, mwingine kibandiko cha namba na mistari. Na mimi ni mtu wa kutumbukiza mkono begini huku naongea na simu.

"Mbona kidogo hivi, shemeji?"

"Bei imepanda."

Jumatatu maabara. Nikatwanga, nikachuja, nikapaka kwenye kipande cha kioo, nikaulaza usiku kucha kwenye mvuke wa glaikoli. Smektaiti ikinywa glaikoli inavimba, kilele chake kwenye mchoro wa eksirei kinahamia angstromu 17 (kipimo cha vitu vidogo mno). Wangu haukuvimba hata chembe. Mashine ya eksirei ikanichorea kilele kimoja kwenye 7, kirefu kama mnara wa simu. Nikauchoma kwa nyuzi 550, kilele kikafutika. Kaolinaiti! Tena safi!

Mwenye akili angejiuliza. Kaolinaiti huzaliwa sana nchi za joto na mvua, mawe yakioshwa mpaka yachoke, na ndiyo imejaa kwenye udongo mwingi wanaotafuna wajawazito. (Msiniulize kwa nini sikukumbuka. Mama yangu alikula udongo mimba yangu nzima, pengine ndiyo sababu.) Mimi nikaunda mto wa kale ulioibeba mpaka Nankai. Nikauchora na mshale.

Alhamisi, semina. Hapa twende taratibu, maana mimi bado nipo palepale.

Watu kumi na wawili. Profesa mstari wa mbele, kahawa mkononi. Kilele changu kimejaa ukuta. Nimefika kwenye mto wa kale, sauti imenoga, mara pembeni chini ya ukuta: WhatsApp, "Shemeji". Nikajipa moyo, humu nani anajua Kiswahili? Nikasogeza kishale niifunge. Kidole kikateleza. Ikafunguka.

Picha, ukuta mzima. Kwanza ukungu mtupu, intaneti ya ukumbi ule ni ya kusuasua. Halafu ukungu ukaanza kutoka. Nikaona kitambaa cha meza. Nikaona vidole vyenye hina. Katikati ya vidole kibonge cha kijivu kimeng'atwa, alama za meno mawili zinasomeka. Na nyuma yake, wima, kama limepozi, fuko. Kibandiko kinatutazama: namba ya kisima, namba ya sampuli, mistari.

Chini yake: "Shemeji huu mbona una chumvi? Ila mtamu, unanukia mvua. Upo mwingine?"

Profesa akaweka kahawa chini. Kiswahili hajui, lakini namba zile aliziomba yeye mwenyewe.

"Huyo anakula nini?"

Kijerumani chote kikanitoka, likabaki neno moja.

"Miosini."

Kimya. Halafu kijana wa nyuma, asiye na dini, akauliza: "Na wewe hicho ulichotupimia ni nini?"

"Cha dukani."

Mengine mafupi. Shemeji kaenda kwa daktari, yeye na mtoto wazima, ila kapigwa marufuku udongo wa aina zote, maana hata wa madukani mwingine hukutwa na madini ya risasi. Mto wa kale nimeufuta, na mshale wake. Profesa alicheka siku mbili, kisha akaandika barua ya kuomba sampuli nyingine. Kwenye sababu kajaza neno moja: imetumika.

Na wewe kaka, kuhusu kutia chumvi: ile ya kwenye udongo ilikuwa ya bahari, niliikuta humo.

Jana usiku simu ikaita tena. Shemeji. Hakuna salamu, hakuna picha.

"Hata kidogo?"