Msilainishe mwendo wa Harryhausen

Siku hizi ukitafuta pambano la Sindbad na kiunzi cha mifupa katika The 7th Voyage of Sinbad, filamu ya Columbia ya mwaka 1958, mara nyingi unaletewa klipu iliyopitishwa kwenye programu inayobuni fremu (picha tuli mojamoja) za ziada ili kulainisha mwendo, hadi kufikia fremu 60 kwa sekunde. Wanasema imeboreshwa. Imeharibiwa, na inaniuma kwamba kuna watoto watakaoijua filamu hii kwa sura hiyo tu.

Filamu ilipigwa fremu 24 kwa sekunde. Maana yake, katika kila sekunde ya klipu hizo kuna fremu zisizopungua 36 ambazo Ray Harryhausen, fundi aliyeyapa mazimwi ya filamu hii mwendo, hakuzipiga. Na fremu zake hazikupatikana kwa bei rahisi. Kerwin Mathews, mwigizaji wa Sindbad, alifundishwa mapigo na bingwa wa vitara, Enzo Musumeci Greco, kisha mbele ya kamera akapigana na hewa tupu kwa kuhesabu. Baadaye Harryhausen, peke yake studioni, alirusha picha hiyo fremu mojamoja kwenye skrini, na mbele ya skrini akasimamisha sanamu ndogo ya kiunzi yenye viungo vya gololi. Anasogeza kiwiko kidogo, anapiga fremu, anasogeza tena. Ili sanamu ionekane iko katikati ya mandhari, aliziba sehemu ya mbele ya picha kwa rangi nyeusi kwenye kioo. Kisha filamu ilirudishwa nyuma, akaziba upande wa pili na kupiga ile sehemu iliyobaki. Meza ikitikisika, taa ikififia, au akisahau upanga ulikuwa unaelekea wapi, kazi imekwenda.

Sasa, sanamu hupigwa ikiwa imetulia, kwa hiyo kila fremu yake ni kali kama wembe. Mathews ni mtu hai: akirusha mkono, picha yake inaingia ukungu kidogo. Tofauti hiyo ndiyo inayotisha. Kiumbe kisicho na nyama kinapaswa kutembea namna ile!

Programu haijui hilo. Inatafuta nukta ileile katika fremu mbili na kuchora cha katikati. Upanga ni mwembamba na unaruka mbali, hivyo unapinda au kukatika. Kati ya mbavu kuna mianya inayoonesha ukuta wa nyuma. Programu inavuta ukuta pamoja na mbavu, na kifua kinaonekana kama kimemiminwa maji.

Kusafisha vumbi na mikwaruzo, sawa. Nakubali pia kwamba mazungumzo ni makavu, na wasomaji wa Alfu Lela Ulela wana haki ya kuuliza ndege Rukh wa safari ya pili na ya tano anatafuta nini katika ya saba. Chembechembe za filamu zinazoonekana kwenye picha na kuongezeka kila zimwi linapokaribia ni matokeo ya kupiga picha iliyokwisha kupigwa. Ziacheni.

Hata ukiwa na diski nzuri, runinga yako inaweza kufanya uharibifu uleule. Ingia kwenye mpangilio wa picha: kwa LG tafuta TruMotion, kwa Sony Motionflow, kwa Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity. Zima kabisa, usipunguze tu. Runinga mpya kadhaa zina Filmmaker Mode, ambayo inazima ulainishaji yenyewe, lakini kagua kila chanzo cha picha, maana runinga nyingi huhifadhi mpangilio wa kila tundu la HDMI peke yake.