Kiingereza cha nyimbo: sikio linapata nini?

Mgeni akishuka kwenye gari pale Mnara wa Saa, Arusha, Kiswahili chake cha kwanza mara nyingi ni cha wimbo: jambo, hakuna matata. Anakitamka kwa raha zote. Mjibu "Poa, za safari?" uone anavyobaki kutabasamu. Maneno ya kusema anayo. Sikio la kupokea jibu hana.

Shaka hiyo hiyo hunijia mwalimu wa Kiingereza anapowasha spika darasani ili wanafunzi wajifunze kusikiliza kwa nyimbo. Hata hivyo, hoja ya wanaotetea nyimbo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila silabi hupewa haki yake. Kiingereza kinahamisha mkazo: "photograph" unakaa mwanzoni, "photographer" unasogea mbele, na silabi zisizo na mkazo zinamezwa. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza cha masomo yote kidato cha kwanza, anayajua maneno kwa macho. "Comfortable" anaisubiri kwa silabi nne, msemaji anaipitisha kwa tatu. Imeshapita.

Hapo wimbo unasaidia kweli, kwa sababu mara nyingi pigo zito huangukia silabi yenye mkazo. Darasa likipiga makofi, mkazo unaingia mwilini bila kanuni. Tena nani atavumilia kusikiliza mara kumi mazungumzo ya kukata tiketi? Kiitikio mwanafunzi anakirudia mwenyewe mpaka nyumbani Ngarenaro.

Ila mwimbaji hakukusudia kufundisha. Anavuta irabu, anaangusha konsonanti ya mwisho, na kiimbo cha swali kinapotelea ndani ya melodi. Rap, ambayo vijana wa Arusha wangeichagua wenyewe, iko karibu zaidi na usemi, lakini kasi yake inamwacha anayeanza stendi.

Kinachonikera zaidi ni zile karatasi za kujaza mapengo katika maneno ya wimbo. Mwanafunzi anaandika "night" kwa kuwa mstari wa juu umeishia "light". Amefuata kina tu, na sisi tuliolelewa kwenye mashairi hatuhitaji kufundishwa vina. Anapata alama zote, hajasikia kitu. Kisha akutane na sehemu ya kusikiliza ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza: maswali 40, dakika kama 30, sauti inapigwa mara moja tu. Kiitikio hakuna.

Mimi ningeuacha wimbo, kwa dakika kumi. Baada ya hapo spika izimwe, karatasi zikusanywe, mwalimu aseme maneno yale yale kwa mwendo wa kuongea, kisha ayageuze kuwa maswali. Atakayeyatambua kwa melodi pekee atajulikana hapo hapo, na kazi ianzie kwake.

Moshi jambo hili si la darasani tu. Wapagazi, wagumu kama wanavyojiita, na waongoza watalii wanapanda na wageni kuelekea kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Juu huko mgeni hasemi kwa sauti ya studio. Upepo unavuma, midomo imekauka, ananung'unika kwamba kichwa kinamuuma na anajisikia kutapika. Anasema mara moja, nusu ya silabi zimemezwa, na mtu aliye karibu naye ndiye anayepaswa kuelewa kwamba huenda kimo cha mlima kimemzidi na ni wakati wa kumshusha.